Masonko Hulipa Ushuru Kama Wewe? Cheki Venye Doh Yako Hukatwa na Yao Hupita

Toa payslip yako. Kama hauna, omba ya msee wako mwenye ameandikwa, ama ya mathee. Tuseme mshahara ni 50,000. NSSF inabeba 3,000. SHIF, 1,375. Ile ya nyumba za bei nafuu, 750. Alafu PAYE inaingia na 5,846 hivi, na hapo tayari umeshapunguziwa ile 2,400 ya kila mwezi yenye kila mwajiriwa hupata. Unabaki na kama 39,000. Haujapanda mat, haujalipa keja, haujatuma kitu ushago, na karibu 11,000 imeshaenda. Na haikupitia mkononi mwako hata sekunde moja. Mdosi aliikata na kuituma, wewe ukaona tu namba kwa karatasi.

Sasa chukua 50,000 hiyo hiyo ubadilishe tu njia yenye imekuja nayo.

Kama ni gawio la hisa za kampuni ya hapa Kenya, ile wasee huita dividendi, KRA inachukua 5%. Hiyo ni 2,500 na hesabu imeisha hapo, hauulizwi kitu kingine. Kama ni kodi ya nyumba za watu kuishi, na landlodi ako kwa ile ushuru ya mapato ya kupangisha, ni 7.5%, yaani 3,750. Kama ni riba ya bondi za serikali za miundombinu, ni sufuri. Ndio, umesoma poa. Sufuri.

So ukiskia wasee wakibishana kwa base kama matajiri hulipa ushuru yao vile inafaa, jua swali lenyewe limekaa vibaya kidogo. Sheria ya Kenya haijali sana una doh ngapi. Inajali doh yako iliingilia mlango gani. Mlango wa mshahara una askari, mbwa na kamera. Ile milango mingine, zingine ziko na pazia tu.

Tuwe fair kwanza juu kuna masonko wenye wanakamuliwa kabisa. Tangu Julai 2023, mshahara wa mwezi umegawanywa hivi: 24,000 ya kwanza inakatwa 10%, ile 8,333 inafuata 25%, alafu 30% mpaka ufike 500,000. Kutoka hapo ni 32.5%, na kitu yoyote juu ya 800,000 ni 35%. Daktari bingwa ama meneja wa benki mwenye analipwa milioni moja kwa mwezi anaona vumbi kama wewe, tena kubwa. Huyo usimtusi mtandaoni ati halipi. Analipa, na hawezi kuficha, juu hata yeye ameajiriwa.

Lakini angalia kitu kingine kwa hizo laini. Ukifika tu 32,333 umeshaingia 30%. Kuanzia hapo mpaka nusu milioni ni rate moja. Msee wa customer care anapata 45,000 na mdosi wa mdosi wake anapata 450,000, na ile shilingi ya mwisho ya kila mmoja inakatwa sawa. Ile ngazi ya kupanda iko chini kabisa kwa maskini na juu kabisa kwa wenye wako mbali. Katikati ni sakafu.

Turudi kwa milango.

Landlodi. Chukua ploti moja ya bedsitter 40, mahali kama Roysambu ama Kahawa, kila moja 10,000. Hiyo ni 400,000 kwa mwezi, milioni 4.8 kwa mwaka. Iko chini ya milioni 15, so anaingia kwa ile 7.5%. Analipa 30,000 kwa mwezi. Mwenye ameajiriwa na mshahara ni hiyo 400,000? PAYE peke yake inapita 105,000. Mara tatu na nusu.

Landlodi watakuambia, na wana pointi, ati hiyo 7.5% inakatwa kwa pesa yote yenye imeingia, hawaruhusiwi kutoa kwanza rangi, caretaker, maji ya bowser na mkopo wa benki. Sawa. Lakini wewe pia haukubaliwi kutoa nauli, viatu vya kazi na chakula cha saa saba kabla KRA ikukate. Mwenye ana mkopo mkubwa wa kujenga anaweza umia kweli. Mwenye alimaliza kulipa nyumba ikiwa 2005, huyo anakula tu. Na hapo tunabonga kuhusu landlodi mwenye anatangaza. KRA yenyewe imekuwa ikilia kwa miaka kwamba wengi hawatangazi kabisa, na ukitaka kujua kwa nini, jiulize kodi ya keja yako hutuma kwa namba ya nani. Payslip haina hiyo chance ya kunyamaza.

Bondi sasa. Februari 2024 serikali ilikuwa imebanwa na deni la Eurobond, ikauza bondi ya miundombinu yenye riba ya 18.46% kwa mwaka, bila ushuru. Msee mwenye alikuwa na milioni 10 zimekaa akaweka huko, anapata karibu 154,000 kila mwezi ukigawanya. Analala, inaingia, anaamka, imeingia. Mwalimu ama engineer mwenye mshahara wake ni 154,000 anakatwa PAYE ya zaidi ya 34,000. Na hiyo riba inalipwa na nani? Na serikali. Serikali inaitoa wapi? Umeshaelewa mduara.

Kuna sababu ya hiyo sheria, si uchawi. Serikali inataka watu waikopeshe pesa ya barabara na maji, so inawapa motisha. Na hata wewe unaweza nunua, haijaandikwa masonko pekee. Lakini mwenye anasukuma Fuliza kutoka tarehe 12 haendi Central Bank kununua bondi. Punguzo la ushuru lenye linahitaji uwe na pesa ya ziada kwanza ni punguzo la wenye wana pesa ya ziada. Finance Bill ya 2024 ilijaribu kuweka 5% kwa riba ya hizo bondi mpya. Ile bill ilianguka yote, tutafika hapo.

Kwa gawio wako na utetezi mzuri zaidi, na si poa kuuficha. Kampuni ikipata faida ya 100,000 inalipa kwanza 30% kwa KRA. Inabaki 70,000. Ikigawa hiyo yote, mwenye hisa anakatwa 5%, yaani 3,500, anaenda na 66,500. Ukijumlisha, ile 100,000 imetoa 33,500. Hiyo si mchezo. Mwenye anakuambia mabwenyenye wa hisa hulipa 5% tu anakudanganya nusu.

Nusu ingine ni hii. Mwenye hisa si lazima angoje gawio. Hisa za soko la Nairobi zikipanda bei na auze, ile faida haina ushuru wa mtaji. Alinunua na milioni 2, akauza na milioni 5, ile 3 ni yake. Na kama wewe ni content creator, unajua tangu 2023 doh ya YouTube na mabrandi inakatwa pia 5%. Tofauti ni kwamba yako si ya mwisho. Juni ikifika unatakiwa uijaze kwa return pamoja na mapato mengine, ilipiwe ushuru wa kawaida, na ile 5% inahesabiwa tu kama deposit. Ya gawio imeisha pale pale. Namba ni moja, sheria ni mbili.

Sasa tufike kwa kitu yenye iko ndani ya damu ya hii nchi: shamba.

Kenya ilisimamisha ushuru wa faida ya mtaji mwaka wa 1985. Ilirudi Januari 2015. Hiyo ni miaka 30. Fikiria Nairobi ya hiyo miaka 30 ilipitia nini. Ruaka ilikuwa kahawa na ng'ombe. Syokimau ilikuwa nyasi. Kitengela wanyama walikuwa wanapita. Alafu ikaja lami, stima, mabenki yakaanza kukopesha, diaspora wakaanza kutuma, na ploti moja ikageuka kuwa ploti kumi za 50 kwa 100. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa 2012 na ilijengwa na pesa ya umma, mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na China juu yake, yenye mimi na wewe bado tunalipa. Mwenye alikuwa na ekari kando ya hiyo barabara hakupiga hata jembe moja. Lami ndio ilimpandishia bei. Akauza 2013, faida yote ikaingia kwa mfuko bila KRA kuuliza. Mnunuzi ndiye alilipa stamp duty.

Iliporudi 2015 iliwekwa 5%. Januari 2023 ikapanda 15%. Hiyo ni afadhali, lakini bado ni nusu ya ile 30% yenye msee wa 45,000 anakatwa kwa shilingi yake ya mwisho. Kazi ya mikono yako inalipiwa ushuru mara mbili ya shamba lenye lilikaa tu likingoja barabara.

Na sonko mwenye akili hauzi hata. Kama hajauza, hakuna faida imehesabiwa, so hakuna ushuru. Anachukua title, anapeleka benki, anapewa mkopo. Mkopo si mapato, hauna ushuru. Anajenga na hiyo mkopo, apartment zinaanza kulipa benki zenyewe. Akikufa, mali inaenda kwa watoto bila ushuru wa urithi, juu ushuru wa urithi Kenya ilifutwa 1982, na kuhamisha shamba la marehemu kwa warithi hakuhesabiwi kama kuuza. Hakuna mahali hapo sheria imevunjwa. Hakuna mwizi. Ndio maana hii story ni ngumu kuliko ile ya masuti ya rangi na mabunda ya pesa kwa video. Ile ni ufisadi, na ina polisi wake, angalau kwa karatasi. Hii ni sheria ikifanya kazi venye iliandikwa.

Kitu pekee yenye inagusa shamba lenye limekaa tu ni ile ada ya kila mwaka ya kaunti. Kwa miaka mingi Nairobi ilikuwa inaihesabu kwa kutumia daftari la thamani la miaka ya themanini. Yaani ploti ya Upper Hill inahesabiwa na bei ya wakati babako alikuwa anavaa kaptura ya shule. Kodi ya keja yako nayo hupandishwa kila Januari bila daftari.

Mambo ya kuficha pesa ng'ambo nitapita nayo haraka. Oktoba 2021 zile faili za Pandora Papers zilitaja familia ya rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, kwa uhusiano na kampuni za nje, Panama ikiwa mojawapo. Kuwa na kampuni nje si hatia, na kutajwa si kushtakiwa. Lakini jiulize ni nani kwa mtaa yenu anaweza hata kulipa wakili wa kuanzisha hiyo kampuni.

Sasa upande wa pili wa hesabu, ule wa matumizi, juu hapa ndio hustler bila payslip hukamatwa. Wakenya kwa ajira rasmi ni milioni tatu na kitu. Wengine wote, mama mboga, msee wa nduthi, fundi, hawana PAYE, na kuna watu wenye hupenda kusema ati hao hawalipi ushuru. Uongo mtupu. Unga wa mahindi na maziwa hazina VAT, sawa. Sabuni iko nayo, 16%. Mafuta ya kupika, iko. Stima, iko. Airtime ina ushuru wa bidhaa 15% na VAT juu yake. Julai 2023 VAT ya petroli ilitoka 8% ikaenda 16%, na msee wa nduthi aliijua kabla ya mwanauchumi yeyote.

Mwenye anapata 15,000 kwa mwezi anaitumia yote, so karibu yote inapita mbele ya hizo ushuru. Mwenye anapata milioni 3 anakula vizuri, ananunua vizuri, anatumia labda 600,000. Ile imebaki inaenda kununua nini? Hisa, bondi na shamba. Ile milango yenye tumetoka.

Chukua M-Pesa. Hapa ndio utaona kitu noma. Kwa bei zenye zilianza 2023, kutuma 1,000 ni 13 bob. Kutuma 250,000 ni 108. Ndani ya hiyo ada, 15% ni ushuru wa serikali. Kwa ile 13 bob, serikali inapata kama shilingi moja na senti 70. Kwa ile 108, inapata 14. Inaonekana poa, mkubwa amelipa zaidi. Sasa watu 250 wa mtaa, kila mmoja akatume thao moja kwa mathee yake. Jumla ni 250,000, sawa na ile ya sonko. Serikali imepata karibu 424 kutoka kwa mtaa na 14 kutoka kwa sonko. Pesa ni ile ile na simu ni zile zile. Na mtu hatumi thao moja moja juu anapenda, anatuma juu ndio iko.

Hapo ndio unaelewa kwa nini 2024 ilikuwa moto. Wengi walikumbuka mkate, ile VAT ya 16% yenye ilitaka kuwekwa. Mimi laini yenye ilinikaa ni ya magari. Finance Bill ilitaka kila gari ilipe 2.5% ya thamani yake kila mwaka, isiwe chini ya 5,000 na isizidi 100,000. Soma tena: isizidi. Fanya hesabu. Vitz ya 600,000 ingelipa 15,000, hiyo ni 2.5% kamili. Probox mzee ya 150,000 ingelipa 5,000 kwa sababu ya ile chini, so ni 3.3%. Alafu inakuja V8 ya milioni 20. Kwa 2.5% ingekuwa nusu milioni, lakini kuna dari, so inalipa 100,000. Hiyo ni 0.5%. Kuanzia gari ya milioni 4 kwenda juu, ushuru ungesimama tu hapo ukiangalia gari zikipita.

Kuna mtu alikaa kwa ofisi akaandika hilo dari. Halikujiandika. Hakuna dari limewahi andikwa kwa VAT ya sabuni.

Ile ya magari na ya mkate ziliondolewa tarehe 18 Juni, siku vijana walianza kujaa tao. Tarehe 25 watu wakaingia bunge, wengine hawakurudi nyumbani, na tarehe 26 Ruto akakataa kutia sahihi bill yote. Wasee walikufa. Ukisikia mtu akisema ile ilikuwa kelele ya TikTok ya watoto wenye hawataki kulipa ushuru, muulize kama alisoma hiyo laini ya magari.

Jibu lenye utapewa ukileta hii maneno ni kwamba matajiri wakibanwa watatoa pesa nchini. Kwa hisa na pesa ya benki, hiyo hofu iko na ukweli, doh huhama na kubonyeza simu. Shamba la Karen haliwezi kuenda Dubai. Apartment za Kileleshwa haziwezi panda ndege. Kama kuna kitu serikali inaweza toza bila kuogopa itatoroka, ni ardhi, na ndio hiyo imeguswa kidogo zaidi. Wengine husema hata wakilipa zitaibiwa tu. Zinaibiwa, ndio, lakini hiyo sababu haijawahi kukubaliwa kwa payslip yako.

Tena hii si mambo ya huruma. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 210 kinasema hakuna afisa wa serikali ataepuka ushuru kwa sababu ya cheo chake, na hiyo iliandikwa juu kabla ya hapo wabunge walikuwa wanakula marupurupu manono bila kukatwa. KRA ilipowadai 2011 walipiga kelele kama wamenyang'anywa mtoto. Leo wanakatwa. So sheria hubadilika, hata ile yenye inabana wenye wanaiandika.

Finance Bill lazima ifike bungeni kabla ya mwisho wa Aprili kila mwaka, na kabla ipitishwe umma unaruhusiwa kutuma maoni kwa Karani wa Bunge. Ni kurasa nyingi na zinaboesha, zimejaa "futa kifungu hiki uweke kile". Ikitoka, usianzie kwa mkate. Tafuta mahali imeandikwa kiwango kisichozidi, tafuta nani ameongezwa kwa orodha ya wasiolipa, na uangalie kama shamba limetajwa mahali popote.